Muswada ukishasomwa mara ya kwanza Dodoma, sisi wa Kigoma tufanyeje maoni yetu yafike kwenye kamati

Wakuu habari za jioni. Naandika hii kwa wenzangu wa Kibirizi, Katonga, Ujiji, na ndugu zangu wa Kasulu na Uvinza, na hata nyie wa Tabora mnaolima tumbaku na kurina asali inawahusu vile vile. Kila wiki naulizwa swali hili hili, naeleza kwa mdomo pale mwaloni, yaani pale mitumbwi inaposhusha samaki, alafu nusu inasahaulika, kwa hiyo leo naiweka yote kwa maandishi mtu asome kwa wakati wake.

Kilichonisukuma ni kwamba tunalalamika sheria ikiwa imeshapita. Afisa anakuja mwaloni na karatasi, faini imepanda au leseni mpya imeongezeka, watu wanapiga kelele, wanamtafuta mbunge, wanamtukana diwani ambaye hahusiki kabisa, kumbe hiyo sheria ilikaa wiki kadhaa mezani kwa kamati ya Bunge na kamati ilitoa tangazo kabisa kwamba mwenye maoni alete. Sisi hatukujua. Mlango ulikuwa wazi, hatukupita. Na haki hiyo sio hisani ya mtu, Katiba yetu ya 1977 Ibara ya 21(2) inasema kila raia ana haki ya kushiriki kwa ukamilifu katika kufikia uamuzi juu ya mambo yanayomhusu yeye, maisha yake au yanayolihusu Taifa. Mama anayeanika dagaa yumo humo.

Kwanza tuelewane njia yenyewe, nitaenda haraka. Serikali ikitaka sheria mpya inaandika muswada, unachapishwa kwenye Gazeti la Serikali pamoja na madhumuni na sababu zake. Alafu unaingia bungeni kusomwa mara ya kwanza. Hapa wengi wanachanganya wanadhani kusomwa ni kusomwa kweli, hapana, Katibu anasoma jina la muswada tu, hakuna mjadala, dakika moja imeisha. Baada ya hapo Spika anaupeleka kwenye kamati ya kudumu inayohusika na hiyo sekta. Kamati inaupitia, inaita wadau, inamhoji waziri. Ikimaliza ndo muswada unarudi ukumbini kusomwa mara ya pili, hapo ndo mnaona wabunge wanachangia kwenye tv, kisha Bunge linakaa kama Kamati ya Bunge Zima linapitia kifungu kwa kifungu, kisha kusomwa mara ya tatu, na mwisho unaenda kwa Rais kupata kibali.

Sasa angalieni vizuri, kwenye njia yote hiyo ndefu sehemu ambayo mtu wa kawaida anaitwa aseme neno lake ni pale kwenye kamati. Ukisubiri mpaka uone waziri amesimama kwenye tv anatoa hoja, ujue wewe binafsi umeshachelewa, kilichobaki ni kumbembeleza mbunge.

Na muda wenyewe haulingani. Muswada wa Bima ya Afya kwa Wote ulisomwa mara ya kwanza Septemba 2022, ukakwama kwenye hatua ya kamati, ukaahirishwa, ukapitishwa Novemba 2023, zaidi ya mwaka mzima. Miswada mitatu ya mambo ya uchaguzi ilisomwa Novemba 2023, kamati ikasikiliza wadau Januari 2024, mwanzoni mwa Februari 2024 imeshapita. Lakini kuna ile miswada ya rasilimali na madini ya 2017, iliingia kwa hati ya dharura mwishoni mwa Juni na mwanzoni mwa Julai ikawa imepitishwa. Siku chache tu. Hati ya dharura ni karatasi yenye saini ya Rais inayosema huu muswada hauwezi kusubiri utaratibu wa kawaida, na ukisikia hilo neno usilale, andika usiku huo huo.

Kabla hujaanza kuandika chochote, jiulize hiki kitu kinachokuuma ni muswada kweli? Hapa Kigoma ndo tunapoteza nguvu nyingi. Ziwa lilipofungwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 mwaka 2024 watu walikuwa wananiambia tuwaandikie kamati wakatae muswada. Hakukuwa na muswada. Ule ulikuwa uamuzi wa serikali uliotokana na makubaliano ya nchi nne zenye ziwa, sisi, Burundi, Congo na Zambia. Vile vile ukubwa wa matundu ya nyavu na mambo mengi ya vyombo na taa yako kwenye kanuni, na kanuni anatengeneza waziri kwa mamlaka aliyopewa na Sheria ya Uvuvi ya 2003, zinatoka kama Tangazo la Serikali bila kupita njia ile niliyoeleza juu. Kanuni ina mlango wake, ambao ni wizara yenyewe wakati inakusanya maoni, na bungeni kuna Kamati ya Sheria Ndogo inayozichambua baada ya kutoka. Ushuru wa mwaloni na wa soko nao mara nyingi ni sheria ndogo ya halmashauri, huyo sasa ndo wa diwani. Ukikosea mlango barua yako itakuwa nzuri sana na haitasaidia kitu.

Sasa tuseme ni muswada. Unaupataje ukiwa huku?

Jua kalenda. Bunge lina mikutano minne kwa mwaka kwa kawaida, mmoja unaanza mwisho wa Januari, wa bajeti unaanza Aprili mpaka mwisho wa Juni, mwingine Agosti au Septemba, na mwingine Novemba. Kamati zinakaa wiki mbili tatu kabla ya mkutano. Na mara nyingi muswada unasomwa mara ya kwanza karibu na mwisho wa mkutano mmoja, alafu kamati inaufanyia kazi kabla ya mkutano unaofuata. Kwa hiyo mimi wiki ya mwisho ya kila mkutano lazima nisikilize taarifa ya habari ya jioni, na naingia tovuti ya Bunge sehemu ya miswada naangalia kama kuna jipya. Pdf inashuka kwa bando la kawaida tu, sio nzito. Ukiona jina la sekta yako, pakua siku hiyo hiyo na itupe kwenye gurupu.

Ila kuna muswada mmoja unawaponyoka watu wote kwa sababu ya jina lake. Unaitwa Muswada wa Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali. Jina halisemi uvuvi, halisemi tumbaku, halisemi chochote, ukiliona unapita. Ndani yake sasa unakuta sheria kumi na kitu zinaguswa kila moja vifungu viwili vitatu, na moja inaweza kuwa ya kwako. Ukiona hilo jina fungua, nenda kwenye orodha ya sehemu, tafuta sheria unayoijua. Mimi natafuta neno "Uvuvi", "Misitu", "Serikali za Mitaa" na "Leseni" kila mara.

Na Muswada wa Sheria ya Fedha nao una mwendo wake peke yake. Bajeti inasomwa katikati ya Juni, huo muswada unaenda Kamati ya Bajeti, na sheria inatakiwa ianze Julai mosi, hesabu mwenyewe siku zilizobaki. Ukisubiri usome ndo uanze kukusanya watu huwezi kuwahi. Kwa mambo ya kodi na tozo sisi tunaanza kuandaa hoja zetu Mei, tunajua tayari nini kinatuumiza, muswada ukitoka tunaweka tu namba za vifungu.

Kujua umepelekwa kamati gani wala sio kazi kubwa. Uvuvi, kilimo, mifugo na biashara vinaangukia Kamati ya Viwanda, Biashara, Kilimo na Mifugo. Misitu na asali na ardhi ni Kamati ya Ardhi, Maliasili na Utalii. Uchaguzi, mahakama na vyama ni Utawala, Katiba na Sheria. Kodi ni Bajeti. Ila msikariri, maana kamati zinapangwa upya na majina yanabadilika, ule muswada wa bima ya afya ulianzia Kamati ya Huduma na Maendeleo ya Jamii na ukamalizikia Kamati ya Afya na Masuala ya UKIMWI baada ya kamati kupangwa upya mapema 2023. Soma tangazo lenyewe linasema kamati gani.

Haya, kusoma muswada. Hapa ndo naomba mkae, maana ndo penye kazi.

Mtu akifungua pdf anaanza ukurasa wa kwanza, anakutana na tafsiri za maneno kurasa tatu, anachoka, anafunga. Usianze hapo. Nenda mwisho kabisa, kuna sehemu inaitwa Madhumuni na Sababu. Hapo serikali yenyewe inaeleza kwa lugha nyepesi kila sehemu inafanya nini na kwa nini. Soma hiyo, weka alama kwenye sehemu zinazokugusa, alafu ndo urudi juu kwenye vifungu husika tu. Muswada wa kurasa sitini unaweza ukawa na kurasa nne zako.

Kama ni muswada wa marekebisho hutaelewa kitu ukiusoma peke yake. Utakuta umeandikwa, natoa mfano wa kutunga, "Sheria Kuu inarekebishwa katika kifungu cha 22(1) kwa kufuta maneno laki mbili na badala yake kuweka maneno milioni mbili". Laki mbili za nini? Huwezi kujua mpaka uwe na Sheria Kuu pembeni, yaani ile sheria yenyewe inayorekebishwa. Angalia imetajwa Sura ya ngapi, kwa mfano Sheria ya Uvuvi ni Sura ya 279, itafute kwa hiyo namba. Na muwe makini na toleo, sheria zetu zimetolewa upya kwenye Toleo la 2023 ambalo limeanza kutumika Julai 1, 2025, kwa hiyo kopi ya zamani uliyopewa na mtu ofisini kwake miaka hiyo inaweza kukupoteza. Fungua zote mbili, chukua kalamu, andika kifungu kitakavyosomeka baada ya kurekebishwa. Ukishaandika hivyo ndo unaona maana yake, na mara nyingi ndo unashtuka.

Kuna maneno madogo madogo ambayo yanabeba mzigo mzima. "Faini isiyozidi milioni mbili" na "faini isiyopungua milioni mbili" zinatofautiana neno moja tu, lakini ya kwanza hakimu anaweza kukutoza elfu hamsini akikuonea huruma, ya pili hata akikuonea huruma hawezi kushuka. Kwa mtu wa mtumbwi mmoja hiyo ndo tofauti ya kubaki na mtumbwi au kuuza. Angalia pia "au" na "na", "faini au kifungo" sio sawa na "faini na kifungo", na kuna "au vyote kwa pamoja". Angalia "Waziri anaweza kutengeneza kanuni kuhusu" jambo fulani, maana yake hilo jambo halijaamuliwa humu, litaamuliwa baadaye bila wewe kuitwa tena bungeni, kama ni jambo kubwa kwako basi omba liandikwe kwenye sheria yenyewe. Na tafsiri za maneno usiziruke moja kwa moja, tafuta neno linalokuhusu wewe. Kama "mchakataji" ametafsiriwa kuwa mtu yeyote anayekausha, kuchoma au kufungasha samaki kwa ajili ya kuuza, basi bibi yangu na chanja yake moja ya kuanikia dagaa pale Katonga amekuwa mchakataji sawa na kiwanda, na masharti yote ya mchakataji yanamkuta. Huo ni mfano wangu ila ndivyo inavyokuwa.

Sisi hii kazi tunaifanya siku za mbalamwezi, maana dagaa hawavuliwi, wanaume wanashona nyavu na akina mama wanakuwa na nafasi. Tunaprinti kopi mbili steshenari ya pale Mwanga, mmoja anasoma kwa sauti, wengine wanasikiliza na kusimamisha. Msidharau hii njia. Mimi nimesoma mpaka kidato cha nne tu lakini mama mmoja ambaye hakufika hata la saba ndiye aliyesema kwamba malipo yakihesabiwa kwa mwezi hayatufai, maana sisi hatuna mwezi, tuna giza na mbalamwezi, kipato chetu kinakuja wiki mbili hivi na kukatika. Hakuna mwanasheria angeliona hilo.

Hilo lilikuwa wakati tunajadili ule muswada wa bima, 2022, na ndo mara yetu ya kwanza kuandika. Nawaambia tulivyofanya ili msirudie. Tuliandika kurasa tano. Tulieleza maisha magumu, hospitali iko mbali, dawa hakuna, mtoto wa fulani alifia njiani, na yote ni kweli na yanauma mpaka leo. Kijana mmoja wa hapa aliyesomea sheria akasoma akatuuliza kwa upole, sasa mama, mnataka kamati ibadilishe neno gani? Tukanyamaza. Kurasa tano hazikuwa na namba ya kifungu hata kimoja. Tukakaa tena usiku ule tukatoa ukurasa mmoja na nusu.

Kamati inafanya kazi kwa vifungu. Mjumbe ana muswada mkononi, akisoma maoni yako anataka afungue kifungu hicho aone unachosema. Kwa hiyo andika hivi. Juu weka tarehe, na anwani, Katibu wa Bunge, S.L.P. 941, Dodoma, kisha kichwa kwa herufi kubwa, Maoni kuhusu Muswada wa Sheria ya nini wa mwaka gani, na jina la kamati. Aya ya kwanza jieleze nyie ni nani kwa sentensi mbili tatu, mko wangapi, mnafanya nini, wapi. Msijikuze. Ukiandika unawakilisha wavuvi wote wa Tanganyika utaulizwa nani alikutuma. Andika "sisi ni wanawake 23 tunaoanika na kuuza dagaa mwalo fulani", inatosha na ina uzito wake.

Baada ya hapo kila hoja ijibu mambo manne, kifungu gani, kinasema nini, kinatuumiza vipi, na tunataka kisomekeje. Nawapa mfano wa kutunga muuone umbo lake:

"Kifungu cha 9(2). Kinamtaka kila mchakataji wa mazao ya uvuvi kuwa na jengo lenye sakafu ya saruji na maji ya bomba. Sisi tunaanika juu ya chanja za mbao na nyavu, hatuna jengo, na mwanachama wetu mwenye mtaji mkubwa ana chanja nne. Sharti hili litatuondoa wote kwenye kazi ingawa dagaa wa chanja ni safi kuliko wa mchangani. Tunapendekeza yaongezwe maneno 'isipokuwa mchakataji mdogo anayetumia chanja iliyoinuliwa kutoka ardhini', na neno 'mchakataji mdogo' litafsiriwe katika kifungu cha 3."

Umeona? Hakuna tusi, hakuna kubembeleza, na mjumbe akikubaliana na wewe anaweza kunyanyua yale maneno yalivyo na kuyaweka mezani. Hapo ndo penye siri yote, umpe mtu maneno tayari. Ukisema tu "tunaomba mtuangalie kwa jicho la huruma" unampa kazi ya kufikiria kwa niaba yako, na ana miswada mingine mitatu.

Msiogope kuunga mkono pia. Kama kifungu ni kizuri andika kwamba kibaki kama kilivyo na sababu yake, maana kuna wadau wengine wakubwa wenye wanasheria wao wanaweza kuwa wanaomba kifutwe, na kamati ikisikia upande mmoja tu itadhani hakuna mwenye shida nacho. Hili watu wengi hawalijui.

Hoja tatu nzito zinatosha, tano ni nyingi. Weka namba zako mwenyewe, ndoo moja mnanunua bei gani, mnauza bei gani, siku ngapi za kazi kwa mwezi, leseni zote mlizonazo zinagharimu jumla kiasi gani. Wao Dodoma wanapata takwimu za wizara, ila hesabu ya chanja moja hawana, na wewe unayo kichwani. Ila usizidishe hata mia, maana mkikamatwa na namba moja ya uongo zote zinakufa.

Chini majina na saini, na namba moja ya simu ya mtu anayepokea simu kweli. Hili la simu nalisisitiza kwa sababu karani anaweza kupiga kuuliza kitu au kuwaalika, akikuta haipatikani anaendelea na wengine.

Kutuma sasa. Tangazo la kamati linasema barua pepe gani ya kutumia na tarehe ya mwisho, fuateni hilo, sio la muswada uliopita. Tumeni pdf na pia nakala ya maandishi ya kawaida ili waweze kukopi maneno. Picha ya karatasi iliyopigwa na simu gizani msitume, haisomeki. Jina la faili liwe na jina la muswada, sio "barua final mpya 2". Posta ni ya nyongeza tu, kutoka huku mpaka Dodoma na muda wenyewe ulivyo mfupi usiitegemee peke yake. Ukishatuma piga simu ofisi ya Bunge uulize imefika, uliza kwa adabu na andika jina la aliyekupokea na saa. Mara moja tulituma mahali tukakaa tunasubiri, kumbe tulikosea herufi moja kwenye anwani, barua haikufika popote.

Nakala mpe mbunge wako wa jimbo, na mpe na wa viti maalumu, hata kama sio wajumbe wa hiyo kamati. Sababu ni kwamba kwenye kusomwa mara ya pili mbunge yeyote anaweza kuleta jedwali la marekebisho, yaani karatasi ya mabadiliko anayotaka kwenye vifungu, na lazima aliwasilishe mapema kabla ya hatua ya vifungu, sio anasimama tu. Ukimpa maneno tayari na namba ya kifungu umemrahisishia. Ukimsubiri aje mkutano wa hadhara Mwanga Community uanze kumweleza, atakuitikia vizuri sana na atasahau akifika uwanja wa ndege.

Swali la kwenda Dodoma. Kikao cha kusikiliza wadau kwa kawaida kinafanyika huko huko Bungeni, na nauli ni ya kwako. Kama mmealikwa na mna uwezo, mpelekeni mmoja au wawili, sio kumi. Treni ya reli ya kati inapita Tabora mpaka Dodoma lakini msiikadirie kwa saa, ondokeni siku mbili kabla. Mtu anayekwenda awe anayejua vifungu kwa kichwa, sio lazima mwenyekiti wa kikundi. Mtapewa dakika chache, wadau ni wengi, kwa hiyo asisome barua yote, aseme kifungu, tatizo, pendekezo, akae. Achukue na kopi za kutosha. Na asiogope kuongea Kiswahili chetu cha huku chenye Kiha ndani yake, wajumbe ni watu kama sisi. Kama hakuna nauli wala usijisikie vibaya, maoni ya maandishi ni maoni kamili.

Kamati ikimaliza kazi yake haijaisha, na hapa wengi wanaacha. Siku muswada unasomwa mara ya pili mwenyekiti wa kamati anasoma taarifa, sikiliza hiyo taarifa kuliko michango mingine yote, maana inasema kamati ilishauri nini na serikali ilikubali nini. Tafuta na jedwali la marekebisho la waziri, ni karatasi inayobadilisha vifungu baada ya mazungumzo na kamati. Angalia kifungu chako. Kama kimebadilika, vizuri. Kama hakijabadilika na bado hakijafikiwa, huo ndo muda wa kumpigia mbunge wako.

Ukishapita, Rais anaweza kukubali au kuurudisha na sababu, Ibara ya 97 inasema hivyo. Akikubali unakuwa sheria yenye namba na mwaka wake, lakini soma kifungu cha kwanza au cha pili, mara nyingi kinasema itaanza kutumika tarehe atakayotangaza waziri. Kwa hiyo ukisikia "imesainiwa" usianze kulipa kitu mpaka ujue imeanza lini, wapo wajanja wanaopita mwaloni kukusanya hela za sheria ambayo haijaanza, muombe mtu akuonyeshe Tangazo la Serikali lenye namba.

Na baada ya hapo waziri anaanza kutengeneza kanuni chini ya hiyo sheria. Wale wale mliokaa kwenye mbalamwezi msitawanyike, wekeni nakala ya maoni yenu kwenye faili moja, steshenari ikupigie na muhuri wa tarehe kama inawezekana, maana rasimu ya kanuni ikitoka zile hoja tatu zenu ndo za kuanzia, mnabadilisha namba za vifungu tu na anwani inakuwa ya wizara.

Mwenye muswada anaotaka tuupitie pamoja aniletee pale Kibirizi upande wa chanja asubuhi kabla ya saa nne, jua likiwa kali nakuwa nageuza dagaa.